UKUBWA UNAZEESHA! Nyani wa Amboseli watoa ushahidi wa damu

HAPA mjini kuna swali moja ambalo ukimwuliza mtu mzima mbele za watu unaweza kununiwa wiki nzima. Swali lenyewe ni hili: "Hivi una miaka mingapi?" Akina mama watakwambia mwanamke haulizwi umri. Akina baba nao siku hizi hawana tofauti. Mvi zinapakwa piko, kitambi kinabanwa na mkanda, na miaka inapunguzwa mitatu minne hivi ili mambo yaende.

Sasa, msomaji wangu, nakuletea habari isiyofurahisha. Unaweza kumdanganya karani, ukamdanganya mchumba, ukamdanganya hata mwanao wa kumzaa. Damu yako huwezi. Ndani yake mna saa, na wapo wataalamu wenye kompyuta wanaojua kuisoma. Tena saa hiyo haisemi miaka uliyoishi tu, inadokeza pia hiyo miaka imekufanya nini.

Na walionifanya mimi nikae chini kuandika haya sio wazungu wa maabara. Ni majirani zetu kabisa, nyani wa Amboseli, pale chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Wana jambo la kuwaambia waheshimiwa wote wanaopenda ukubwa. Lakini ili uwaelewe, kwanza lazima uijue hiyo saa.

KITABU KIMOJA, KURASA TOFAUTI

Tuanze na darasa kidogo, na tafadhali usikimbie. Mwili wako umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina DNA, yaani vinasaba. Ifikirie DNA kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi zenyewe zinafika kama bilioni 3. Kitabu kilichomo kwenye seli ya ini ndicho hicho hicho kilichomo kwenye seli ya ngozi. Sasa mbona ini halioti nywele?

Jibu ni kwamba si kila ukurasa unasomwa kila mahali. Kurasa nyingine zimefungwa. Moja ya njia ambazo mwili hutumia kufunga kurasa ni kubandika kialama kidogo sana kiitwacho methili, chenye atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Kinabandikwa juu ya herufi C, hasa pale ambapo C inafuatwa na G. Sehemu za namna hiyo katika kitabu cha binadamu ni kama milioni 28. Kazi yenyewe ya kubandika wataalamu wanaiita methilesheni. Alama zikijaa mahali jeni inapoanzia, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Herufi hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni usomaji.

Unadhani ni jambo dogo? Waulize wafuga nyuki. Malkia na kibarua wake wanaweza kuwa na vinasaba vya aina moja kabisa, lakini malkia anaishi miaka na kutaga mayai, huku kibarua wa msimu wa maua akimaliza safari yake kwa wiki chache tu. Tofauti inaanzia kwenye chakula alicholishwa mtoto wa nyuki. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walipunguza nguvu ya jeni moja inayosaidia kubandika alama hizo katika watoto wa nyuki. Wengi wao wakatoka malkia! Hawakubadilishiwa kitabu, walibadilishiwa alama tu.

Turudi kwa binadamu. Jinsi tunavyozidi kula chumvi, alama hizi zinahama taratibu. Kuna sehemu zinaongezewa, kuna sehemu zinapukutika. Na hazipukutiki ovyo ovyo. Zipo sehemu ambazo kwa watu wengi hubadilika kwa mwendo unaofanana, mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

MTIHANI WA KOMPYUTA

Yupo bwana mmoja anaitwa Steve Horvath, mzaliwa wa Ujerumani na fundi wa hesabu, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa mate ya mapacha wanaofanana. Wakaonyesha kwamba kwa kusoma alama chache tu unaweza kukisia umri wa mtu, ukakosea kwa wastani wa miaka kama mitano hivi.

Lakini kishindo chenyewe kilikuja mwaka 2013. Safari hii Horvath hakumchoma mtu sindano. Alikusanya takwimu ambazo watafiti wengine walikuwa wameshaziweka hadharani, sampuli 8,000 kutoka aina 51 za tishu na seli zenye afya: damu, ubongo, ini, figo, ngozi na kadhalika. Kwa kila sampuli alijua mambo mawili. La kwanza ni umri wa mwenyewe. La pili ni kiwango cha alama katika sehemu zaidi ya 21,000. Kiwango hicho huandikwa kati ya 0 na 1. Kama katika sampuli nusu ya nakala za sehemu fulani zina alama, unaandika 0.5.

Halafu akaiambia kompyuta: tafuta sehemu zipi, kila moja kwa uzito wake, zikijumlishwa zitatoa umri. Kompyuta ikapepeta kama mama anayepepeta mchele. Sehemu nyingi zikatupwa, zikabaki 353. Kati ya hizo, 193 huongezewa alama kadiri umri unavyokwenda na 160 hupungukiwa.

Wewe uliyesoma shule unamjua mwanafunzi anayekariri. Mpe mtihani wa mwaka jana, anapata zote. Mpe mtihani mpya, anatoa macho. Kompyuta nayo ina ugonjwa huo huo, tena sugu. Ukiipa sehemu 21,000 za kuchezea, itakariri sampuli zako zote halafu itakuaibisha mbele za watu. Kwa hiyo hesabu aliyotumia Horvath inaitoza kompyuta faini kwa kila sehemu inayong'ang'ania, ili ibaki na zile zenye faida kweli. Na sampuli nyingine zilifichwa mpaka siku ya mtihani.

Matokeo? Kosa la katikati lilikuwa miaka 3.6. Maana yake, nusu ya majibu yalikosea kwa pungufu ya hapo na nusu yalikosea zaidi. Na saa hiyo hiyo moja ilifanya kazi kwenye damu, kwenye ubongo na kwenye ini. Kwa seli changa kabisa za kiinitete ilisoma karibu na sifuri. Utotoni ilikwenda mbio, na mtu akishavuka miaka 20 ikaanza kutembea mwendo wa kawaida. Lo! Watu wa sayansi walishika vichwa.

Sasa hapo kuna utamu. Ikiwa una miaka 50 na saa inasema 50, hakuna habari. Ikisema 56 je? Je, kompyuta imekosea, au ni wewe umechakaa? Swali hilo ndilo linalowalisha mkate watafiti mpaka leo. Na ndilo lililowapeleka Amboseli.

DUME LENYE CHEO

Nyani wa Amboseli wanafuatiliwa mfululizo tangu mwaka 1971, kazi iliyoanzishwa na Jeanne Altmann na mumewe Stuart. Wachunguzi wanawajua nyani hao mmoja mmoja. Fulani mtoto wa fulani, amezaliwa lini, mama yake alikufa lini, nani rafiki yake, nani kampiga nani. Binadamu wengi hatuna kumbukumbu safi namna hiyo.

Damu yao ilipatikana kwa kuwapuliza vishale vyenye dawa ya usingizi, wakapimwa, wakaachwa waende zao. Mwaka 2021 Jordan Anderson, Jenny Tung, Susan Alberts na wenzao wakachapisha saa ya nyani iliyojengwa kwa sampuli za nyani 245 na sehemu 573 za DNA. Wakauliza: kati ya mambo yote tunayoyajua kuhusu maisha ya hawa, ni lipi linaloikimbiza saa mbele ya miaka?

Wengi tungesema ni shida za utotoni. Nyani aliyefiwa na mama, aliyezaliwa wakati wa ukame, aliyenyanyaswa. Kwa Amboseli inajulikana kabisa kwamba majike waliopata mikosi mingi utotoni hawafiki mbali. Lakini saa haikuonyesha hivyo. Urafiki je? Nao haukuisogeza sana.

Kilichoonekana waziwazi ni cheo. Na sio cheo cha chini, la hasha. Ni cheo cha juu! Madume wakubwa, wanaokaa mbele kwenye chakula na kwenye majike, ndio saa zao zilikuwa zimetangulia umri wao. Bosi wa kundi alikuwa mzee kuliko miaka yake.

Ngoja, kuna kubwa zaidi. Baadhi ya madume walipimwa zaidi ya mara moja. Aliyepanda cheo, saa ikamwonyesha amezeeka zaidi ya muda uliopita. Aliyeporomoka, saa ikamwonyesha kijana kuliko ilivyotarajiwa. Soma tena hapo. Dume kanyang'anywa ufalme, damu yake ikapumua!

Na majike vigogo? Wala! Kwao cheo hakikuizeesha saa. Sababu yake haihitaji kompyuta kubwa. Jike la nyani hurithi nafasi karibu na ya mama yake, na hukaa nayo kwa miaka bila vurugu kubwa. Dume anaipata nafasi yake kwa meno, na kila asubuhi akiamka lazima ailinde kwa meno. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa Amboseli, uliofuatilia madume 125 kwa miaka 9 kwa kupima homoni kwenye vinyesi vyao, ulishaonyesha kwamba dume namba moja ana homoni za msongo nyingi kuliko namba mbili. Namba mbili anakula vizuri, analala vizuri, anamwachia mwenzake vita.

Mimi nilipowasimulia jamaa pale kijiweni, mmoja akadakia: "Kwa hiyo naibu ndiye mjanja!" Tulicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona jamaa hakukosea sana.

BINADAMU NAO?

Usinielewe vibaya. Sisemi kila meneja aache kazi kesho. Nyani ni nyani, na bosi wa ofisini haning'inizi meno hadharani, ingawa wapo wanaokaribia. Lakini lile jambo la saa kwenda mbele na kurudi limeonekana kwa watu pia. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowapima wazee waliofanyiwa upasuaji wa dharura baada ya kuvunjika nyonga. Asubuhi iliyofuata saa zao zilikuwa zimeruka mbele, na ndani ya wiki hivi zikarudi. Utafiti huo huo uliona saa za wajawazito zikipanda, halafu baada ya kujifungua zikashuka.

Na yapo mambo mengine. Mwaka 2015 Horvath na Morgan Levine walionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI yanaisogeza mbele saa ya damu kwa miaka kama 5, na ya ubongo kwa miaka kama 7. Mwaka 2019 ikaja saa nyingine, GrimAge, iliyopewa jina la yule mfu mwenye mundu wa hadithi za Ulaya, kwa sababu ilifundishwa kwa kuangalia watu wameishi muda gani baada ya kupimwa damu. Moshi wa sigara umeingizwa ndani ya hesabu zake moja kwa moja. Wavutaji mnisamehe, sikuitengeneza mimi.

Kwa hiyo fundisho la nyani sio kwamba umeandikiwa. Ni kinyume chake. Sehemu ya kile saa inachokisoma ni mzigo ulioubeba leo, na mzigo ukitua, mkono wa saa unaweza kurudi.

MSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Hapa sasa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana penye habari tamu hapakosi mfanyabiashara.

Mtaani kwetu kuna mzee ambaye ukimwuliza umri anasema alizaliwa mwaka wa njaa. Njaa ipi, hajui, zilikuwa nyingi. Mjukuu wake aliposikia habari za saa hii akaniuliza kama babu anaweza kupimwa ili apate cheti cha uhakika. Nikamwambia hapana, mjukuu wangu. Saa ikisema 78, mzee anaweza kuwa na 73 au 83. Kwa mtu anayesubiri haki yake ya uzeeni, miaka mitano sio mchezo. Na ukizingatia kwamba saa inasogezwa na maradhi na shida, aliyeteseka zaidi ndiye atakayeonekana mzee zaidi. Vivyo hivyo kwa wale vijeba wetu wa timu za vijana. Msitegemee kwamba tone la mate litamaliza ugomvi wa nani ana 17 na nani ana 20.

Wapo pia wanaouza vipimo hivi kwa mtu binafsi, hasa Marekani na Ulaya. Unatuma damu au mate, unaletewa umri wa mwili wako. Kabla hujamtumia shemeji aliyeko huko hela, jua hili. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba damu ya mtu yule yule, siku ile ile, ikipimwa mara mbili kwa baadhi ya saa maarufu, majibu yanaweza kupishana hadi miaka 9. Wakapendekeza hesabu nzuri zaidi za kupunguza kasoro hiyo, lakini ujumbe ulifika. Leo unaweza kuambiwa umekuwa kijana kwa sababu ya dawa uliyomeza, kumbe ni mashine tu imeyumba.

Na hao wanaosema wana dawa ya kurudisha saa nyuma? Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti wa California ambao wanaume walipewa homoni ya ukuaji na dawa nyingine mbili kwa mwaka mmoja, saa zikaonekana zimerudi nyuma. Dunia ikapiga vigelegele. Walikuwa wanaume wangapi? 9 tu! Tena bila kundi la kulinganisha ambalo halikupewa dawa.

Utafiti wenye adabu zaidi ni ule wa kupunguza chakula, uliochapishwa mwaka 2023. Watu 220 wa Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakala kama kawaida, wengine wakaambiwa wapunguze robo ya chakula kwa miaka miwili. Walioambiwa wapunguze robo waliweza kupunguza kama asilimia 12 hivi. Unajua mambo ya tumbo. Saa moja, inayopima kasi ya kuzeeka, ilionyesha mwendo umepungua kwa asilimia 2 hadi 3. Saa nyingine mbili hazikuonyesha kitu. Watu wale wale, damu ile ile, saa tatu, majibu mawili. Ndipo uone kwamba chombo hiki ni kizuri kwa kulinganisha kundi na kundi, lakini kukitumia kumhukumu mtu mmoja ni kumwonea.

Neno la mwisho katika hili linatuhusu sisi wenyewe. Damu nyingi zilizofundishia saa hizi ni za watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2017 watafiti walipima mate ya Wabaka wa Kamerun na ya Wakhomani San wa Afrika Kusini, wakakuta sehemu nyingi hubadilika na umri kama kwa watu wengine. Hiyo ni habari njema, binadamu ni mmoja. Lakini saa uliyotega kwa jua la Los Angeles lazima uikague kabla ya kuitundika Tandale au Kisumu. Malaria, lishe, maji, kazi za jua kali, vyote hivyo vina alama zake. Sio ajabu kwamba nyani wetu wa Amboseli wana saa yao wenyewe iliyotengenezwa kwa damu yao, huku watoto wa mama lishe wanasomwa kwa saa ya kuazima?

Basi, nyie mnaogombea uenyekiti wa kila kitu, kuanzia kamati ya harusi, kamati ya maji, klabu ya mpira hadi chama cha kuzikana, mmesikia. Kiti ni kitamu, ila kinadai. Aliyekosa uchaguzi mwaka huu asilie sana, pengine damu yake ndiyo iliyoshinda. Na aliyeshinda namtakia heri, pamoja na usingizi wa kutosha, manaibu waaminifu na moyo wa kukubali kushuka siku yake ikifika.

Ila umri wangu msiniulize. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.